UZI: Kipandikizi cha koklea, wimbi la P1 na saa ya ubongo wa mtoto

#1 Mawimbi

Wakuu, salaam.

Kila mada ya kipandikizi cha koklea (kifaa kinachowekwa ndani ya sikio ili kiziwi apate sauti; koklea ni konokono la sikio la ndani) ikifunguliwa humu, mazungumzo huishia kwenye bei na upasuaji. Upasuaji ni kazi ya saa mbili tatu. Kinachoamua kama mtoto atakuja kusema "mama nipe maji" ni ubongo, na ubongo una saa yake. Mmoja wa walioipima saa hiyo kwa umakini ni Profesa Anu Sharma wa Chuo Kikuu cha Colorado, mjini Boulder, Marekani. Naomba tuuchambue utafiti wake hatua kwa hatua, kisha wenye ujuzi wa mapu (mipangilio ya viwango vya umeme vya kifaa), matamshi na vifaa wajazie sehemu zao.

Tuanze na wimbi lenyewe. Sauti ikiingia sikioni, ishara hupanda kwa neva ya kusikia, hupita shina la ubongo, ikafika kwenye gamba la ubongo pembeni mwa kichwa. Ikifika huko huzuka umeme mdogo sana, mikrovolti chache tu, unaosomeka kwa elektrodi (kipande kidogo cha chuma cha kupitishia umeme) iliyobandikwa utosini. Kwa mtoto mdogo, kilele cha kwanza kikubwa cha upande wa chanya ndicho P1. Anachokitazama Sharma hasa ni muda: kilele kimetokea milisekunde ngapi baada ya sauti kupigwa. Kichanga anayesikia vizuri, kama 300. Akifika miaka 3, karibu 125. Mtu mzima, karibu 60.

Muda hupungua kwa sababu njia ikitumika, miunganiko ya seli hukomaa na isiyotumika hupogolewa, ishara ikapita upesi. Kwa hiyo P1 haikuambii mtoto ana miaka mingapi. Inakuambia usikivu wake una umri gani. Mtoto aliyezaliwa kiziwi na hajapata sauti yoyote anaweza kuwa na miaka 3, anakimbia na kupanda ngazi, lakini P1 yake ikatoka kama ya kichanga.

Mwaka 2002 Sharma, pamoja na Michael Dorman na Anthony Spahr, alitoa matokeo ya watoto 104 waliozaliwa viziwi wakawekewa kipandikizi. Wadogo waliwekewa wakiwa na mwaka mmoja na kitu, wakubwa wakiwa na miaka 17. Walilinganishwa na watoto 136 wanaosikia. Waliowekewa kabla ya miaka mitatu na nusu, P1 yao iliangukia kwenye kiwango cha umri wao, na vipimo vya kufuatilia vilionyesha kwamba mabadiliko hayo huja ndani ya miezi 6 hadi 8 tangu kifaa kiwashwe. Waliowekewa baada ya miaka 7, karibu wote walibaki na P1 iliyochelewa hata baada ya miaka ya kuvaa kifaa. Wa katikati walichanganyika.

Kipimo chenyewe ni rahisi kwa mtoto. Anakaa kwenye mapaja ya mama akiwa macho, anaangalia katuni iliyozimwa sauti. Spika imewekwa upande wa kifaa, inapiga silabi "ba" fupi, ya milisekunde 90, mara mamia. Elektrodi moja utosini, ya rejea kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, nyingine karibu na jicho ili mpepeso wa kope utambuliwe na kutupwa. Mzunguko mzima unarudiwa angalau mara mbili, maana kilele kisichojirudia si kilele. Mtoto akisinzia, simamisha: usingizi hubadilisha umbo la wimbi. Jambo la pili linalowapotosha wengi ni umeme wa kipandikizi chenyewe kuingia kwenye rekodi. Huo hushikamana na sauti, huanza nayo na kuisha nayo, na ukihamisha elektrodi ya rejea hubadilika sana. P1 haifanyi hivyo.

#2 Kisimani

Mkuu Mawimbi, asante kwa darasa. Swali moja: ina maana mtoto wa miaka 5 amekwisha kuchelewa?

#3 Mawimbi

Hapana, usimfungie mtu mlango kwa namba moja. Uliza kwanza mambo matatu.

La kwanza, alizaliwa kiziwi au alipoteza usikivu baadaye? Mtoto aliyesikia hadi miaka 4 kisha akaugua, njia zake zilishajengwa. Huyo si sawa na aliyezaliwa kwenye ukimya. Mtu mzima aliyezeeka akisikia kisha akapoteza naye hayumo kabisa kwenye hesabu hii.

La pili, alikuwa anavaa shimesikio (kifaa cha nje cha kukuza sauti)? Kama lilimpa sauti ya kutosha, hata ya masafa ya chini tu, yaani sauti nzito, ubongo haukukaa bure. Sharma hutumia P1 hapa pia: mtoto akivaa shimesikio miezi kadhaa na P1 haisogei, hiyo ni hoja ya kutopoteza muda zaidi kuelekea kipandikizi. Ikisogea, kuna nafasi ya kuendelea kutazama.

La tatu, ana lugha? Mtoto wa miaka 5 mwenye lugha ya alama nzuri anajua kwamba vitu vina majina na watu hujibizana. Asiye na lugha yoyote anabeba mizigo miwili.

Baada ya miaka 7 kwa aliyezaliwa kiziwi, kipandikizi kinaweza kumpa honi ya bodaboda, kugongwa kwa mlango, jina lake likiitwa. Kuelewa maneno bila kutazama midomo ni jambo ambalo mzazi asiahidiwe.

Sababu yake ilionekana pia kwa wanyama. Andrej Kral, aliyeko Hannover, Ujerumani, amefanya kazi na paka weupe wanaozaliwa viziwi. Akiwapa umeme wa koklea wakiwa wamechelewa, tabaka za juu za gamba la ubongo huitikia, lakini tabaka za chini, zinazopaswa kupokea na kurudisha ujumbe, hunyamaza. Sauti inafika mlangoni, haiingii kwenye mazungumzo ya ubongo. Na watafiti wa Seoul walionyesha mwaka 2001, kwa picha za matumizi ya sukari kwenye ubongo, kwamba viziwi ambao eneo lao la kusikia lilikuwa bado limetulia kabla ya upasuaji walifanya vizuri kuliko wale ambao eneo hilo lilishachangamka. Uchangamfu huo ulikuwa dalili kwamba eneo limepata kazi nyingine.

#4 FundiPulsi

Niongezee upande wa chombo, kwa sababu ukijua umeme unavyokwenda utaelewa kwa nini mapu ni muhimu.

Nje kuna prosesa yenye maikrofoni, kebo, na koili yenye sumaku. Ndani, chini ya ngozi, kuna kipokezi chenye koili na sumaku yake, na uzi mwembamba wa silikoni wenye elektrodi za platinamu unaoingia kwenye koklea. Hakuna waya unaotoboa ngozi: nguvu na taarifa hupita kwa mawimbi ya redio kati ya koili mbili. Vifaa vya Cochlear vina elektrodi 22, vya Advanced Bionics 16, vya MED-EL 12. Usichague kwa kuhesabu elektrodi, nitaeleza.

Koklea imejiviringa mara mbili na nusu hivi. Ukiinyoosha inakaribia milimita 35. Mlangoni husikika sauti kali kama "s", ndani kabisa sauti nzito. Prosesa inaigawa sauti kwenye vipande vya masafa na kila kipande hupewa elektrodi yake. Kwenye mfumo wa elektrodi 22 mgao wa kawaida huanza 188 Hz hadi 7938 Hz. Kila mzunguko prosesa huchagua vipande 8 vyenye nguvu zaidi, ikavipiga kwa zamu, pulsi (mapigo mafupi ya umeme) 900 kwa sekunde kwa kila elektrodi. Kila pulsi ina pande mbili, hasi kisha chanya, mikrosekunde 25 kila upande. Pande mbili ni lazima: chaji ikibaki upande mmoja, platinamu huliwa na tishu huungua.

Kupiga kwa zamu, si zote kwa pamoja, ni wazo lililochapishwa na mtafiti Blake Wilson na wenzake mwaka 1991, na ndilo lililowapa wagonjwa wengi uwezo wa kuelewa sentensi bila kutazama midomo. Sasa kwa nini elektrodi 22 hazizai njia 22 za sauti zinazotofautishwa? Koklea imejaa majimaji ya chumvi, umeme unasambaa. Elektrodi jirani huamsha nyuzi zilezile za neva. Vipimo huonyesha kwamba kwa wengi, faida husimama kwenye njia 8 hivi. Kwa usemi kwenye ukimya hizo zinatosha: mtafiti Robert Shannon alionyesha mwaka 1995 kwamba hata vipande 4 vya kelele vilivyobeba mapigo ya usemi vinaeleweka na mtu anayesikia. Kwenye kelele na muziki hazitoshi. Kwa hiyo darasa la watoto 70 chini ya bati mvua ikinyesha ni mtihani mgumu kuliko chumba cha kupimia, na mwalimu anapaswa kujua hivyo.

Kuhusu uzi wa elektrodi: daktari Graeme Clark wa Melbourne, mwaka 1977, alikuwa ufukweni Minnamurra, Australia, akiwa na konokono wa bahari mwenye umbo kama la koklea. Alijaribu kusukuma jani la nyasi ndani yake. Jani lenye ncha laini na shina gumu liliingia likafuata mviringo wa gamba. Lililokuwa gumu lote lilikwama. Tarehe 1 Agosti 1978 alimwekea mgonjwa wake wa kwanza kipandikizi cha njia nyingi. Hadi leo uzi ukiwa mgumu nchani, au ukisukumwa kwa haraka, hutoboa utando na kuhamia chumba cha juu cha koklea, na masalia ya usikivu wa asili huharibika. Daktari mzuri anausukuma polepole, kwa dakika, si kwa sekunde.

#5 Mapu22

FundiPulsi umemaliza. Nichukue kuanzia siku ya kuwasha.

Kidonda kikipona, kwa kawaida wiki 2 hadi 4 baada ya upasuaji, ndipo kifaa kinawashwa. Kabla ya sauti yoyote, pima ukinzani (jinsi umeme unavyozuiwa) wa kila elektrodi. Kwenye mfumo wa 22, ikizidi kiloomu 30 mzunguko umekatika: waya, au kiputo cha hewa. Ikiwa karibu na sifuri kwenye mbili kwa pamoja, zimegusana. Hizo zizime. Usishtuke ukinzani ukiwa juu siku ya kwanza kote kwa usawa. Elektrodi zisizotumika huzungukwa na tishu mpya, na ukianza kupiga umeme ukinzani hushuka ndani ya wiki chache. Ndiyo maana mapu ya siku ya kwanza haifai kubaki miezi mitatu.

Kisha unatafuta viwango viwili kwa kila elektrodi: cha chini kabisa kinachosikika, na cha juu kinachovumilika bila kuudhi. Kwa mtoto wa mwaka mmoja huwezi kumuuliza. Unatumia mwitiko wa neva unaosomwa na kipandikizi chenyewe ili kupata umbo la mapu, kisha unaiteremsha yote chini na kuipandisha taratibu ukimtazama: anaacha kunyonya, macho yanatafuta, mkono unasimama hewani na mchezo. Hiyo ndiyo dalili. Kilio si lengo, ingawa wazazi hupenda kukirekodi. Ukimtisha siku ya kwanza atakuwa anang'oa koili mwezi mzima.

Makosa ninayoyaona kwenye faili zinazoletwa:

Kiwango cha juu kimewekwa juu mno elektrodi za mlangoni, mtoto anakunja uso kila sahani ikigongana. Au kimeachwa chini kwa woga, mtoto anasikia vokali tu na mzazi anaambiwa "awe na subira". Au jicho na kona ya mdomo vinacheza kila sauti inapokuja: umeme unafikia neva ya uso. Hapo panua pulsi ili upunguze nguvu ya mkondo, na isipokwisha zima elektrodi hiyo. Ukizima, gawa upya masafa, usiache pengo.

Ratiba inayofaa: kila wiki au wiki mbili mwezi wa kwanza, kisha mwezi wa 3, wa 6, wa 12, halafu kila miezi 6 hadi 12. Na kila ziara fungua kumbukumbu ya saa za matumizi ndani ya prosesa. Mtoto anayevaa saa 3 kwa siku, ubongo wake haupati mafunzo ya kutosha, hata mapu iwe safi namna gani.

#6 Kisimani

Mapu22, hiyo ya saa za matumizi ni lazima iandikwe ukutani kila kliniki.

#7 Bi Matamshi

Hamjambo ndugu zangu. Nizungumzie masikio ya nyumbani, kwa Kiswahili, kwa sababu miongozo mingi imeandikwa kwa Kiingereza na mazoezi yake hayatufai.

Kipimo cha kila asubuhi ni sauti sita za Daniel Ling, mtaalamu wa kufundisha watoto viziwi kusema: m, u, i, a, sh, s. Bahati nzuri zote ni sauti zetu, mzazi hahitaji kufundishwa kuzitamka. Kaa ubavuni au nyuma ya mtoto, usifunike mdomo kwa kiganja maana kiganja huchuja "s". Tamka kwa sauti ya kawaida, mita 1, kisha mita 3. Badilisha mpangilio na urefu wa kimya katikati, la sivyo atajibu kwa mazoea. Mdogo anatia kokoto kwenye kopo akisikia, mkubwa anarudia.

Kila sauti ina maana yake. Akikosa "s" peke yake, tazama kwanza kifuniko cha maikrofoni, kisha elektrodi za mlangoni. Akikosa "m" na "u", masafa ya chini yako chini mno. Akisema "u" kila unaposema "i", anapata sehemu nzito ya "i" lakini sehemu yake kali, ile iliyo juu ya 2000 Hz, haimfikii. Andika kwenye daftari; mtaalamu wa mapu ataisoma kuliko maneno "siku hizi hasikii vizuri".

Sasa lugha yetu. Kiswahili hubana habari mwanzoni mwa kitenzi, na mkazo huuweka silabi ya pili kutoka mwisho. "Hawatakuja": mkazo uko kwenye "ku", wakati kukanusha, nafsi na wakati vyote viko mbele, kwenye silabi nyepesi. Mtoto wa kipandikizi hushika "kuja" na kupoteza mengine. Kibaya zaidi ni "ana homa" na "hana homa". Tofauti nzima ni pumzi ya "h", sauti dhaifu sana, rahisi kupotea. Nyumba nzima inaweza kudhani mtoto mkaidi kumbe hajawahi kusikia "h".

Anza na jozi zinazotofautishwa na vokali, kwa sababu vokali zina nguvu: "hatakuja" na "hatukuja". A na U ziko mbali na kifaa huzitenganisha vizuri. Akizishika, ingia kwenye "pata" na "bata", "fua" na "vua", "soma" na "choma". "Ana" na "hana" ziwe za mwisho, na uzifundishe pamoja na tikisiko la kichwa hadi sikio liweze peke yake.

#8 Mwambao

Kwa walio Dar, Tanga, Mombasa, Lamu na Unguja: adui wa kwanza wa prosesa ni jasho na unyevu.

Kila usiku futa kifaa kwa kitambaa kikavu, toa betri, weka kwenye kopo la kukaushia lenye chembe za silika. Betri za zinki usizikaushe, ukavu huzimaliza. Chembe zikibadilika rangi zimeshiba maji, nyingi hukaushwa tena kwa joto kufuata maelekezo ya paketi. Kifuniko cha maikrofoni badilisha kila miezi 3 hivi, na mapema zaidi kama mtoto anacheza mchangani. Kikiziba, sauti haikatiki. Inafifia kidogo kidogo hadi mtoto anaonekana "amerudi nyuma".

Betri za namba 675: nunua zilizoandikwa ni za kipandikizi. Za shimesikio za namba hiyohiyo zina matundu machache ya hewa, hazitoi mkondo wa kutosha na kifaa hujizima kila mara. Ukibandua karatasi, iache ipumue dakika moja mbili kabla ya kufunga mlango. Kama umeme ni wa uhakika, za kuchaji ni nafuu kwa muda mrefu.

Sumaku: ngozi chini ya koili ikiwa nyekundu na haipoi baada ya saa moja bila kifaa, sumaku ni kali mno. Punguza namba. Ukiacha, kidonda hufika kwenye kipokezi, na hapo ni upasuaji. Pia kadi ya kipandikizi ikae na mtoto siku zote. Akitakiwa kuingia kwenye mashine ya MRI, mhudumu lazima ajue modeli na masharti yake kabla hajafungua mlango.

#9 NesiWaWatoto

Wenzangu mmeanzia kwenye kifaa, mimi naomba turudi nyuma kidogo, kwa sababu miezi mingi hupotea kabla hata daktari wa masikio hajamwona mtoto.

Lengo linalotumika kimataifa ni kupimwa kabla ya mwezi 1, kuthibitishwa kabla ya miezi 3, kuanza msaada kabla ya miezi 6. Mtoto wetu mara nyingi hugunduliwa akiwa na miaka 2 au 3 kwa sababu "hasemi". Kwa saa aliyoieleza Mawimbi, amebakiwa na miezi.

Kipimo cha haraka cha kuchomeka kidude sikioni husikiliza mwangwi wa seli nywele za nje. Mtoto anaweza kukifaulu na bado asisikie, kama neva haipeleki ishara kwa mpangilio. Walio hatarini ni waliokuwa na manjano kali, waliozaliwa njiti, waliokosa hewa. Hao wapimwe kwa mawimbi ya shina la ubongo, wakiwa wamelala. Na P1 inasaidia sana kundi hili, kwa kuwa ndani yake wapo ambao shimesikio linawatosha na wapo wanaohitaji kipandikizi, na kipimo cha shina la ubongo hakiwatofautishi.

Homa ya uti wa mgongo ni dharura nyingine. Baada yake mfupa unaweza kuota ndani ya koklea katika wiki chache, uzi wa elektrodi ukakosa njia. Mtoto aliyetoka wodini kwa ugonjwa huo apimwe usikivu mapema, na akionekana amepoteza, apigwe picha mara moja. Ule utaratibu wa kujaribu shimesikio miezi 3 hadi 6 usimhusu.

Chanjo ya nimonia itolewe kabla ya upasuaji, vizuri wiki 2 au zaidi kabla, kwa sababu kipandikizi huongeza hatari ya uti wa mgongo. Na picha ya MRI ionyeshe neva ya kusikia ipo. Neva isipokuwepo, kipandikizi hakina pa kupeleka umeme.

Kwa Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza upasuaji huu mwaka 2017. Kabla ya hapo watoto walipelekwa nje, hasa India.

#10 Alama_Kwanza

Nimefuatilia vizuri, naheshimu elimu iliyomwagwa. Ila naomba hoja ya eneo la kusikia "kupewa kazi nyingine" isije ikageuzwa kuwa sababu ya kuwanyima watoto lugha ya alama. Kuna wazazi wanaambiwa wafunge mikono ya mtoto.

#11 Mawimbi

Umefanya vizuri kulisema, ndugu. Eneo hilo huhamia kwenye kuona na kugusa kwa sababu halipati sauti. Huhamia hata kwa mtoto ambaye hajawahi kuona lugha ya alama. Sharma na mwenzake Julia Campbell walionyesha mwaka 2014 dalili za uhamaji huo kwa watu wazima wenye upungufu mdogo hadi wa wastani tu wa usikivu. Dawa ya uhamaji ni sauti iingie mapema na kwa saa nyingi. Mtoto anayesubiri upasuaji mwaka mzima akae na lugha anayoweza kuipata kwa macho.

Na hilo la watu wazima lisipite hivihivi. Wazee wetu huambiwa "utavaa shimesikio hali ikiwa mbaya". Ubongo umeanza kubadilika kabla hali haijawa mbaya. Hannah Glick na Sharma mwaka 2020 walifuatilia watu wazima waliovaa shimesikio miezi 6: mpangilio wa ubongo ulirudi kuelekea kawaida, na kuelewa usemi kwenye kelele kukawa bora.

#12 Kisimani

Na tiba ya jeni? Wengine wanasema tusubiri hiyo.

#13 NesiWaWatoto

Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2024, ya Shanghai na ya Philadelphia, yanahusu jeni moja, OTOF. Watoto wenye hitilafu hiyo ni wachache kati ya wanaozaliwa viziwi, na haimhusu aliyepoteza usikivu kwa uti wa mgongo, manjano au sindano za gentamaisini (dawa ya bakteria inayoweza kuharibu usikivu). Usimsubirishe mtoto kwa tiba ambayo hujui kama jeni yake ndiyo.

#14 MwalimuPwani

Wakuu, swali la kitaalamu. Mtoto aliwekewa akiwa na miaka 2 na miezi 4. Miezi 8 imepita, P1 bado milisekunde 250. Mtu aanzie wapi?

#15 Mapu22

Anzia nje uende ndani.

Badilisha kebo ya koili kabla ya kitu kingine chochote. Kebo hukatika ndani bila kuonekana, sauti inakuja na kupotea akigeuza kichwa. Kisha sikiliza maikrofoni kwa kisikilizio cha majaribio, badilisha kifuniko. Fungua kumbukumbu ya saa: chini ya saa 8 kwa siku, umepata jibu lako, na uliza anakivua saa ngapi na kwa nini. Pima ukinzani tena, linganisha na wa mwezi uliopita elektrodi kwa elektrodi. Soma upya viwango vya mapu dhidi ya mwitiko wa neva.

Yote yakiwa sawa, rudisha faili kwa daktari: picha ya eksirei kuona kama uzi haujatoka kidogo au kujikunja nchani, na MRI ya zamani itazamwe upya, unene wa neva.

#16 Bi Matamshi

Nami naomba daftari la sauti sita la wiki mbili za mwisho, MwalimuPwani. Kama siku nyingine anazipata sita zote na siku nyingine mbili, tatizo ni kebo au betri. Kama kila siku anakosa zilezile, ni mapu. Weka hapa tuzisome pamoja.